Karatasi za mahakama zije pia kwa Kiswahili

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze juu ya karatasi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Lubumbashi, karibu na mahali ambapo watu wanaingia na kutoka na mambo yao ya juji (hakimu), ya parke (ofisi ya waendesha mashitaka) na ya polisi. Nilianza na mashine ya mkono, leo nina kompyuta na printa, lakini kazi inayonichukua muda mwingi haikuandikwa kwenye kibao changu. Mtu anakuja na karatasi yenye muhuri, anaiweka mezani, anasema: “Mama, unisomeye hii, balileta jana magaribi.” Wanatoka komini za mji huu: Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, wengine mbali kule Annexe. Wengi wao wamesoma. Kuna fundi wa umeme, kuna muuguzi, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna mama muuza samaki wa soko la Njanja anayebadilisha faranga na dola kichwani bila kukosea hata mara moja. Akili wanazo. Ila karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha mahakama, ambacho hata aliyemaliza sekondari kinampita.

Jambo hili si geni, na wala siombi upendeleo. Katiba yetu ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 ilishaliamua. Kifungu cha 142 kinasema sheria inaanza kutumika siku 30 baada ya kutolewa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe ipange vingine. Halafu kinaongeza kwamba, kwa vyovyote vile, Serikali inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu Rais aitangaze kuwa sheria. Lugha hizo zimetajwa katika kifungu cha 1: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Na kifungu cha 62 kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Vifungu hivi vyote viko ndani ya kitabu kimoja, vina nguvu ile ile. Cha 62 kinatushika kila siku: ukimwambia mkubwa yeyote kwamba hukujua, anakujibu kwa kifungu hicho. Cha 142 je? Tangu nifungue kibanda hiki nimetoa fotokopi za sheria nyingi, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniletea sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Nataka wasomaji waone hasara inaingilia wapi, kwa sababu wakubwa wakisikia habari ya lugha wanadhani ni mambo ya utamaduni, ngoma na mashairi. Hii ni habari ya nyumba na jela.

Nianze na saini. Kuna watu wa aina mbili wanaokuomba usaini, na saini hizo mbili hazina uzito sawa. Wa kwanza ni wisie wa mahakama, yule anayepita mitaani na mkoba wa karatasi. Anakuletea wito, anakuomba usaini kwenye nakala yake. Saini hiyo inasema neno moja tu: nimepokea. Haisemi nimekubali, haisemi nina deni, haisemi nitahama. Wa pili ni afisa wa polisi wa upelelezi, OPJ, anayekusikiliza ofisini na kuandika maneno yako kwenye karatasi inayoitwa “procès-verbal”, sisi tunasema peve. Chini kabisa, kabla ya nafasi ya jina lako, mara nyingi kumeandikwa “lecture faite, persiste et signe”. Maana yake: nimesomewa, ninasimama kwenye maneno haya, na ninasaini. Saini hii inabeba kila kitu kilichoandikwa juu yake, na peve hiyo itasafiri hadi parke, na kutoka parke hadi kwa juji.

Ninachokiona kwenye meza yangu ni watu kufanya kinyume. Wisie akija wanakataa kusaini, wanafunga mlango, wanamwambia baba hayupo. Wanadhani wamejiokoa. Kumbe sheria ya kesi za madai inasema ukikataa kupokea, wisie anaandika kwenye karatasi yake kwamba umekataa, na inahesabika kama umekabidhiwa mkononi. Siku zinaanza kukimbia na wewe huna nakala. Lakini kwa polisi, mahali pa kusimama imara, wanasaini haraka ili watoke. Kijana mmoja fundi wa pikipiki aliniambia: “Balinambia sinye, uende ku nyumba.” Akasaini. Peve ilisema amekiri kuuza injini ya mteja. Yeye alikuwa ameeleza kwa Kiswahili kwamba injini iliibwa usiku pamoja na vyombo vyake vya kazi. Aliyeandika kwa Kifaransa aliandika alivyoelewa, au alivyotaka, sijui. Kijana hakusomewa neno hata moja kwa lugha yake. Huyo kijana angejua maana ya lile fungu la maneno machache chini ya ukurasa, angesema: nisomee kwanza kwa Kiswahili. Ni haki yake. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na kosa analoshitakiwa, kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 19 kinampa ruhusa ya kusaidiwa na mtetezi anayemchagua tangu kwenye uchunguzi wa polisi. Na peve ikiwa haifanani na maneno yake, anaweza kuomba irekebishwe, anaweza pia kukataa kusaini, na afisa ataandika kwamba amekataa. Kukataa huko si kosa la jinai.

Sasa nisimulie ya mama mmoja wa Katuba, mjane, kwa sababu ndiye aliyenisukuma niandike barua hii. Amenipa ruhusa, mradi nisitaje jina. Mume wake alifariki akamwachia watoto na nyumba waliyoijenga pamoja, tofali kwa tofali. Wadogo wa marehemu wakaidai. Siku moja wisie akaleta karatasi yenye neno “assignation”. Maana yake ni kwamba kuna mtu amekushitaki mbele ya mahakama kwa jambo la madai, na unaitwa uje ujibu siku fulani, saa fulani. Sheria inataka zipite siku 8 kamili kati ya karatasi hiyo na siku ya kufika. Yule mama aliogopa akakataa kuipokea: alidhani ni amri ya kumtoa, na akisaini atakuwa amekubali kutoka. Siku ya kesi ikapita. Wadogo wa mume wakasikilizwa peke yao. Mahakama ikatoa hukumu ambayo kwa Kifaransa inaitwa “jugement par défaut”, yaani hukumu ya aliyeitwa asifike.

Wisie akarudi na karatasi ya pili. Safari hii aliipokea, akaiweka ndani ya Biblia. Ilikaa humo hadi binti yake aliporudi kutoka Likasi akaiona, akaja nayo kwangu. Nilisoma “signification”, yaani kukabidhiwa hukumu, nikasoma “par défaut”, nikasoma tarehe, nikamwambia binti: funga safari sasa hivi. Maana kwa hukumu ya namna hiyo sheria inampa aliyekosa kufika siku 15, tangu siku inayofuata ile aliyokabidhiwa, afanye kile kinachoitwa “opposition”, yaani aombe mahakama ile ile ifungue kesi upya na kumsikiliza naye. Siku zilikuwa zimebaki kidogo. Walikwenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya Baro, yaani chama cha mawakili; avoka (wakili) akaandika, grefye (karani wa mahakama) akapokea. Kesi inaendelea hadi leo na mama bado analala ndani ya nyumba yake.

Angalia ni nini kilichokaribia kumtoa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya urithi. Mke, wazazi na ndugu za marehemu wako kundi la pili, wanagawana robo inayobaki. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa na kuitumia nyumba aliyoishi na mume wake. Kwa hiyo sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Alikuwa nayo mkononi na angeipoteza, kwa sababu kila karatasi ilizungumza naye kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia kumwita mtoto wala kuomba Mungu. Hilo linaniuma, Bwana Mhariri. Ningependa limuume pia kila anayeshika muhuri wa Jamhuri.

Kuna jambo la polisi ambalo nalo linarudi kila wiki: deni. Mtu amekopa, ameshindwa kulipa, mwenye kudai anakwenda kwa polisi, na jioni mkopaji yuko ndani. Ukisoma karatasi unakuta neno “abus de confiance”. Kosa hilo lipo, liko katika kifungu cha 95 cha Sheria ya Adhabu, lakini lina umbo lake. Nikikupa fedha uende Kasumbalesa uninunulie mafuta ya kupikia, ukazitumia kwa mambo yako, hapo umevunja uaminifu, kwa sababu fedha zilikuwa na kazi moja tu niliyokupa. Nikikuachia mzigo unitunzie ukauuza, ni hivyo hivyo. Lakini nikikukopesha ufanye biashara yako, biashara ikaanguka, hilo ni deni, na deni ni la mahakama ya madai. Nchi yetu ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza alichoahidi katika makubaliano. Ninawaambia wanaokuja kwangu waulize swali moja tu wakifika ofisini: ninashitakiwa kwa kosa gani, kifungu kipi? Afisa mwema atajibu. Na anayejua umeuliza vile huwa anaangalia saa yake, kwa sababu kukaa mikononi mwa polisi, ile “garde à vue”, kusizidi saa 48. Zikiisha, mtu aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika. Na tangu mwanzo ana haki ya kuwajulisha ndugu zake au avoka wake mara moja. Hayo nayo yako katika kifungu cha 18, si maneno yangu.

Fedha pia zinachanganywa majina. Mtu anatoa noti anasema amelipa koshio, mwingine anasema amelipa amandi, na ukiwauliza tofauti hawaijui, na anayepokea hana haraka ya kuwaeleza. Koshio ni dhamana: inawekwa mikononi mwa grefye ili mtu asubiri kesi yake akiwa nje, na akifika kila anapoitwa anarudishiwa. Amandi ni faini: ile inayotozwa bila kwenda kwa juji, ya “transactionnelle”, ni fedha ya hazina ya Serikali. Ukiilipa, jambo linafungwa, harudishiwi mtu. Zote mbili zina karatasi ya malipo. Na kuna mambo ambayo hayafungwi kwa amandi hiyo kamwe: tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006, makosa ya ubakaji na ukatili wa kingono hayaruhusiwi kumalizwa hivyo. Familia inayoambiwa “tumalize hapa hapa, mlipwe, msichana arudi shuleni” ijue kwamba inaambiwa uongo.

Mandati za parke, yaani amri zake, nazipitia haraka, ingawa zinatisha kuliko zote. “Mandat de comparution” inakuita uende kwa miguu yako mwenyewe. “Mandat d’amener” inaamuru uletwe, hata kwa nguvu. “Mandat d’arrêt provisoire”, ile tunayoita MAP, ni ya siku 5, na ndani ya hizo mtu apelekwe kwa juji ili aamue kama atabaki ndani. Juji akikubali, kizuizi ni siku 15, na baada ya hapo kinaweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja, kila mara kwa amri ya juji. Familia zinazopeleka chakula gereza la Kasapa zingeijua hesabu hii, zingejua siku ya kwenda kuuliza: amri ya mwezi huu iko wapi?

Hapo hapo Kasapa watu wanamwita kila aliye ndani mfungwa, na mtaani wanamwita mwizi. Sheria inawatenganisha. Aliye bado mbele ya parke anaitwa “inculpé”, aliye mbele ya mahakama anaitwa “prévenu”, na aliyekwisha hukumiwa ndiye “condamné”. Wawili wa kwanza bado wanahesabika kuwa hawana kosa, Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 17. Ninawaomba waandishi wa magazeti, na gazeti lenu likiwemo, waache kuandika “jambazi” chini ya picha ya mtu ambaye hajasimama mbele ya juji.

Kwenye hukumu yenyewe kuna vifupisho viwili vya herufi tatu vinavyowatesa akina mama: SPP na SPS. Ya kwanza ni kifungo chenyewe. Ya pili ni kifungo cha ziada ambacho mtu anatumikia asipolipa amandi. Nimeona familia imekusanya fedha, kila ndugu ametoa chake, wakidhani wakilipa SPS na SPP itafutika. Haifutiki. Kinachoweza kuibadilisha ni rufaa, na rufaa ya kesi ya jinai ina siku 10 tu tangu hukumu itamkwe, au tangu uletewe kama hukuwapo. Katika kesi ya madai ni siku 30 tangu kuletewa hukumu. Siku 10 kwa familia ya Ruashi ambayo haijajua karatasi inasema nini ni muda mfupi sana. Nusu yake inapita wakimtafuta mtu wa kuwasomea.

Juu ya parsele, yaani viwanja, nitasema kidogo, maana mhariri mwenyewe anajua barua za parsele zilivyo nyingi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Dola, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na “certificat d’enregistrement” peke yake. Karatasi ya mauzo mliyosaini mbele ya shefu wa kartie ni ushahidi kwamba mlipatana, itunze vizuri, lakini haijakufanya kuwa mwenye kiwanja mbele ya sheria. Anayenunua leo aanze kwa kuuliza cheti hicho kina jina la nani.

Najua jibu ninaloweza kupewa. Nimeshalisikia hata kutoka kwa avoka kijana, mtu mwema kabisa, aliyekuja kuchapa mashitaka yake kwangu: kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria, kwamba kitaleta mkanganyiko. Nilimwomba aingie nami siku moja kwenye kikao cha tripe, yaani Mahakama ya Amani. Juji anamuuliza mdai kwa Kiswahili. Mdaiwa anajibu kwa Kiswahili. Shahidi anaapa kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili, anaonywa na juji kwa Kiswahili. Grefye anaandika yote kwa Kifaransa. Kesi nzima imeeleweka na kila aliyekuwa ndani ya chumba, maneno hayakukosekana. Kiswahili kinapotea pale kalamu inapogusa karatasi, na karatasi ndiyo inayokwenda nyumbani kwa mtu, ndiyo inayohesabu siku, ndiyo inayoshindisha au kuangusha.

Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. SADC, ambayo sisi ni wanachama, ilikipokea Kiswahili mwaka 2019 kuwa lugha yake rasmi ya nne. Radio Okapi inasoma habari kwa lugha zetu zote nne, na habari hizo zimejaa Bunge, mahakama na mikataba. Sidai tuchukue maneno ya Dodoma yote jinsi yalivyo. Mtu wa Kamalondo akisikia “hati ya wito” atauliza ni nini, akisikia konvokasio anajua. Tuandike jinsi tunavyosikilizana hapa, avoka abaki avoka, juji abaki juji, na wataalamu wasafishe baadaye.

Wala sisemi Kifaransa kiondoke. Ninaomba ukurasa mmoja uongezwe nyuma ya kila karatasi inayopelekwa kwa mwananchi. Useme kwa Kiswahili: karatasi hii inaitwaje, imetoka kwa nani, unatakiwa ufike wapi na lini, una siku ngapi za kujibu au kukata rufaa, unaanza kuzihesabu tangu lini, na ukikosa fedha za avoka uende wapi. Maneno hayo hayabadiliki kesi kwa kesi. Yakiandikwa vizuri mara moja, grefye anajaza tarehe tu. Gharama yake ni wino na nusu saa ya mtu mwenye nia. Watunga sheria wa mkoa wetu wa Haut-Katanga wanaweza kuanza na sheria zao wenyewe za mkoa bila kungoja Kinshasa. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni na wanaotafuta kila mwaka kichwa cha kazi yao ya mwisho. Baro ina ofisi ya ushauri wa bure ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo. Iandike mlangoni, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwamba maskini anaingia bila kulipa.

Kwenu ninyi wa gazeti, ombi langu ni hili. Tengeni nafasi ndogo kila toleo, karatasi moja kwa wakati. Wiki moja chapeni picha ya konvokasio tupu, yenye maelezo ya kila mstari. Wiki inayofuata peve. Halafu assignation, halafu hukumu, halafu cheti cha kiwanja. Muwaombe avoka wa hapa waisahihishe kabla haijatoka, kwa sababu mimi ni mchapaji, na mambo ya sheria yanataka aliyeyasomea athibitishe. Watu watakata kipande hicho, wataweka nyumbani. Wengine wataleta kwangu wakitaka fotokopi, na hiyo ya gazeti nitawatolea bila malipo.

Fomu tupu ninazo, zisizo na jina la mtu yeyote, nimezipanga kwenye kabati kwa aina zake. Mwandishi wenu akitaka kuanza, afike kibandani asubuhi kabla ya saa tatu, watu hawajawa wengi, tukae naye tuzichague.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mchapaji,
Lubumbashi